Nafsi Iliyogawanyika

Katika maradhi yaipatayo akili ya binadamu, machache yamedhulumiwa na sinema kama maradhi ya nafsi kugawanyika, kwa kuwa mtazamaji huonyeshwa muuaji abadilishaye sura na sauti apendapo, ilhali tabibu awatibuye wagonjwa hawa huona watu wanyamavu, wenye haya, waifichao hali yao miaka mingi, na ambao hatari yao kubwa ni juu ya roho zao wenyewe, maana wengi wao wamewahi kujaribu kujiua.

Mgonjwa hukuta sandukuni nguo asizokumbuka kuzinunua, husalimiwa na watu asiowajua wamwitao kwa jina jingine, na hujikuta mahali asipojua alifikaje. Mfaransa Pierre Janet alikwisha kueleza mwaka 1889 jinsi fahamu iwezavyo kutengana vipande. Na wataalamu wengi wa leo husema kwamba hali za mtoto za furaha, hofu na ghadhabu huungana taratibu chini ya malezi ya amani hata zikawa mtu mmoja, lakini mtoto ateswaye au anajisiwaye mara kwa mara, aghalabu na yule yule aliyepaswa kumhifadhi, kwa kukosa pa kukimbilia huyatenga mateso mbali na fahamu yake, na sehemu za nafsi yake zisipoungana, kila moja hushika kumbukumbu zake na mwenendo wake. Wako wanaobisha, wakihoji kwamba maswali ya tabibu mwenye pupa yaweza kumtia mgonjwa dhana ya kuwa na nafsi nyingi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, na kwa sababu hiyo tabibu mwadilifu husikiliza kwanza, wala hamtangulizii mgonjwa jibu.

Kwetu pwani, Unguja na Pemba hasa, mtu kupandwa na pepo ngomani si ajabu. Mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 umekiri kwamba katika baadhi ya jamii maradhi haya hudhihirika kwa sura ya kupagawa, lakini haukuhesabu kuwa ugonjwa kupagawa kunakokubaliwa na mila au dini; bali hali imjiapo mtu pasipo hiari yake, ikampotezea kumbukumbu na kumharibia kazi na ndoa, huyo anahitaji tabibu.

Dawa mahususi haipo, ingawa zipo za kupunguza huzuni na kuleta usingizi. Tiba ni mazungumzo ya miaka, yaanzayo kwa kumweka mgonjwa salama, kisha kuyakabili mateso ya kale kidogo kidogo, na mwisho kuzipatanisha sehemu za nafsi. Nasi tusio matabibu tuna dhima yetu: tusimfunge mgonjwa, tusimpige, wala tusimtake atuonyeshe nafsi yake nyingine kama tamasha. Fauka ya hayo, maadamu mzizi wa maradhi aghalabu ni udhalimu wa utotoni, jirani amsadikiye mtoto asemaye kwamba anaumizwa, akampeleka penye hifadhi, humwepusha na mateso ambayo tabibu, miaka ishirini baadaye, angehangaika kuyatibu.