Kisu cha kukunja: kagua kifunga kabla ya kukitumia

Mgonjwa aliyejikata kwa kisu cha kukunja humwambia daktari kwamba kisu kilikuwa kikali mno. Swali linalofaa kuulizwa ni jingine: je, bapa lilijikunja mkononi?

Unapomenya chungwa, nguvu ya mkono hulisukuma bapa lizidi kufunguka, na hata kisu kisicho na kifunga hakina taabu. Hatari huanza unapotoboa mtungi wa plastiki, unapobandua kifuniko cha mkebe wa rangi au unapochomoa kisu kilichokwama. Hapo nguvu huangukia mgongo wa bapa, nalo hujikunja na kutua juu ya vidole, kidole cha shahada kikiwa cha kwanza.

Visu vingi vidogo vya Uswisi, vya aina iliyosajiliwa na Karl Elsener mwaka wa 1897, hushikiliwa na springi pekee. Hicho si kifunga. Ni visu vizuri vya kukatia, lakini usivitumie kutobolea kitu.

Aina ya pili ina wenzo kwenye mgongo wa mpini, ambao jino lake huingia katika pengo la bapa. Ni imara, ila uchafu wa mfukoni ukijaa katika pengo hilo, jino haliingii lote na mwenye kisu hajui. Lisafishe kwa kijiti.

Visu vingi vya bei nafuu vinavyouzwa mijini vina kibati ndani ya mpini, ambacho huruka na kukaa nyuma ya bapa. Mmarekani Michael Walker ndiye aliyekiboresha kifunga hiki katika miaka ya 1980. Kikitengenezwa vyema hufanya kazi barabara. Kikiwa chembamba, au kikiisha kulika, huteleza mkono unapousokota mpini. Isitoshe, ili kukifunga kisu ni lazima uweke kidole gumba katika njia ya bapa. Binafsi sikipendi kwa mtu asiyekizoea.

Nikiulizwa, nitapendekeza kisu cha Kifaransa cha Opinel chenye pete ya chuma inayozungushwa kwa mkono, iliyobuniwa mwaka wa 1955. Ni rahisi kuelewa, na kwa kutazama tu unajua kama kimefungwa. Mpini wake wa mti huvimba ukilowa, na kisu kikawa kigumu kufungua, lakini hiyo ni kero tu. Pia kuna visu vyenye kipingo kinachopita nyuma ya bapa kutoka upande mmoja wa mpini hadi wa pili, kama vile vya Benchmade tangu 1998. Hivi hufungwa bila kidole kukaribia makali, ingawa bei yake ni ya juu.

Hata hivyo, hakuna kifunga kitakachozuia mkono kuteleza mbele hadi kwenye makali. Kwa kazi za jikoni, tumia kisu kisichokunjwa.

Ukijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, huku mkono umeinuliwa. Usikaze kidole kwa uzi au mpira. Damu ikikoma, jaribu kukikunja na kukinyoosha, kisha gusa pande zote mbili za ncha. Kikishindwa kujikunja au kujinyoosha, au upande mmoja ukiwa na ganzi, huenda kano au neva imekatwa. Nenda hospitali siku iyo hiyo.

Jeraha lililo juu ya kiungo cha kati cha kidole lina ujanja wake. Kano iliyo hapo ni nyembamba na iko chini tu ya ngozi. Ikikatika, kidole huweza kunyooka siku za kwanza, halafu baada ya wiki moja au mbili kiungo kikaanza kupinda huku ncha ikiinuka. Kwa hiyo jeraha dogo mahali hapo lionwe na daktari hata kama haliumi. Kano ikiwa imekatika, kidole hufungwa gango kikiwa kimenyooka kwa wiki 6 hivi.

Mwambie daktari pia ni lini ulipochanjwa mara ya mwisho dhidi ya pepopunda. Kwa jeraha safi, chanjo hurudiwa ikiwa imepita miaka 10; kwa jeraha chafu, miaka 5.