Upatanisho wa Kisarufi na Mnyama Asiye na Pumzi: Viambishi A- na I- katika Kiswahili cha Thika na Ruiru

1. Mchezo wenyewe

Mwezi wa Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza kichezeo kidogo chenye umbo la yai, kwa jina Tamagotchi. Katika kioo chake kulikuwa na picha ya kiumbe ambacho mtoto alipaswa kukilisha, kukisafisha na kukitibu; akikipuuza, kilikufa. Mwaka 2013 kampuni ya Outfit7, yenye asili ya Slovenia, ilitoa mchezo wa simu uitwao My Talking Tom, ambamo mtoto humlea paka: humlisha, humwogesha na kumzimia taa alale. Paka huyo hurudia kwa sauti nyembamba yale anayoambiwa.

Mchezo wa namna hii humfikia mtoto kwa simu ya mzazi. Katika miji ya Thika na Ruiru, na Juja iliyo baina yake, kioo si kitu kigeni kwa mtoto. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2016 kuwagawia wanafunzi wa darasa la kwanza vishikwambi, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuviunganisha. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja la sarufi: mtoto wa miji hiyo asemapo kwamba paka wa kiooni “imelala”, je, kiambishi hicho chatuambia kuwa yeye amuona paka huyo ni kitu tu?

2. Kanuni ya Kiswahili sanifu

Kanuni yafahamika, na Ashton aliieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944. Jina la kiumbe hai, hata likiwa na umbo la ngeli nyingine, hufuata upatanisho wa A-WA:

(1) Paka wangu amelala.
(2) Kiboko amelala.

Kwa kanuni hii, mpaka umewekwa baina ya chenye uhai na kisicho na uhai. Hata hivyo mpaka wenyewe una mianya. Mwanasesere hana uhai, lakini husemwa “mwanasesere amevunjika”, kwa kuwa umbo la jina lake lina mwana ndani yake. Sanamu ya simba, kwa upande mwingine, “imevunjika”. Basi hata katika Kiswahili sanifu, vitu viwili visivyo na pumzi hupewa viambishi tofauti.

3. Hali ya bara

Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara nchini Kenya, mpaka huo mara nyingi huwekwa mahali pengine:

(3) Paka yangu imelala.
(4) Mtoto wangu amelala.

Hapa anayetengwa ni mtu. Mnyama, ajapokuwa hai, hubaki katika upatanisho wa umbo la jina lake. Katika Thika na Ruiru, ambako Kigikuyu ni lugha ya nyumbani ya wengi, jambo hili lina mwenzi wake. Kigikuyu husema ngui ĩno, yaani “mbwa huyu”, kwa upatanisho wa ngeli ya jina lenyewe, bila kumhamishia mbwa kwenye ngeli ya watu. Hivyo “imelala” ya mtoto wa Ruiru haitofautishi paka wa kiooni na paka aliyelala jikoni. Wote wawili “imelala”.

Lipo jambo jingine. Paka wa mchezo ana jina la mtu, na jina la mtu huvuta A-. Msemaji yuleyule aweza kusema:

(5) Tom amelala.
(6) Paka ya jikoni imelala.

Mtafiti atokaye pwani aweza kustaajabu: picha imepewa A-, na mnyama mwenye damu amepewa I-! Lakini hapana la kustaajabisha. Kiambishi kimefuata jina, hakikufuata pumzi.

4. Uhai u wapi?

Ikiwa kiambishi si shahidi, shahidi atafutwe katika kiarifu. Tulinganishe:

(7) Paka ina njaa.
(8) Simu haina chaji.

Katika (7) kiambishi ni kilekile cha simu, lakini njaa ni ya viumbe. Hali kadhalika vitenzi vya kutendesha ambavyo mchezo huu hauepukani navyo: kulisha, kunywesha, kuamsha. Anayelishwa, kwa matumizi ya kawaida, ni yule awezaye kula. Lakini si kila kitenzi chafaa kwa kipimo hiki. Kulaza hutumika kwa mtoto na kwa gogo pia. Na kufa husemwa hata juu ya gari. Ni lazima kuchagua maneno yasiyosemwa juu ya vyombo, kama vile kuona njaa, kukasirika au kuogopa.

5. Faida kwa mwalimu

Mambo mawili yafuata. Kwanza, mtafiti wa lugha ya watoto asipime dhana ya uhai kwa viambishi vya upatanisho kabla ya kujua jinsi watu wa mahali pale wanavyomsema mnyama wa kweli. Mnyama wa kweli, picha yenye jina na mtu wapimwe pamoja. Pili, mwalimu amsahihishaye mtoto aseme kwamba Kiswahili sanifu chataka “paka amelala”, wala asimweleze kwamba amekosa kujua kuwa paka ana uhai. Mtoto alijua tangu hapo. Kosa, likiitwa kosa, ni la mahali mpaka ulipowekwa.

Na kazi hiyo ya mwalimu haiwezi kuachiwa mchezo. Paka wa kiooni hurudisha maneno jinsi alivyoyapokea: akiambiwa “imelala”, hujibu “imelala”. Yeye hana sarufi yake mwenyewe. Mtoto aliyezungumza naye kutwa nzima hakusikia kwake ila sauti yake mwenyewe. Sarufi ya wengine ataipata kwa watu.