Kaa wa Alaska: hesabu iliyokosekana mwaka mmoja

Biashara ya kaa wa theluji wa Alaska hupangwa kabla chombo hata kimoja cha wavuvi hakijang'oa nanga. Kinachoipanga ni hesabu inayofanywa kila kiangazi na wataalamu wa serikali ya Marekani katika Bahari ya Bering. Hesabu hiyo ilipokosekana mwaka mmoja tu, soko zima lilikwenda gizani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Meli za uvuvi hukodiwa na kupita katika vituo ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa 376, kila kimoja kikiwa umbali wa maili 20 za baharini kutoka kwa jirani yake. Katika kila kituo wavu hukokotwa sakafuni mwa bahari kwa dakika 30. Kaa wanaopatikana hupimwa na kutenganishwa, madume na majike, wakubwa na wadogo. Joto la maji ya chini nalo huandikwa. Mwanzoni mwa Oktoba jimbo la Alaska hutangaza mgao, na msimu hufunguliwa tarehe 15.

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, upimaji ulifutwa. Mgao wa msimu wa 2020/21 ulipangwa kwa makadirio yaliyotokana na takwimu za nyuma: ratili milioni 45, yaani tani 20,400 hivi, kutoka ratili milioni 34 za msimu uliotangulia. Kwenye karatasi mambo yalikuwa yakipanda. Meli za upimaji ziliporudi baharini mwaka 2021, kaa wadogo waliohesabiwa kwa wingi mwaka 2018, ambao ndio waliotarajiwa kuwa mavuno ya baadaye, hawakuonekana. Mgao ulikatwa hadi ratili milioni 5.6. Oktoba 2022 uvuvi ulifungwa kabisa, kwa mara ya kwanza.

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa kaa zaidi ya bilioni 10 walipotea kati ya 2018 na 2021, na kueleza kwamba chanzo kikubwa ni njaa. Kaa huyu hupenda maji yaliyo chini ya nyuzi 2 za Selsiasi, ambayo hubaki chini ya bahari barafu ya majira ya baridi inapoyeyuka. Mwaka 2018 barafu ilikuwa haba mno na maji hayo ya baridi yakakaribia kwisha. Katika maji ya joto mwili wa kaa hudai chakula zaidi. Mahitaji ya kaa wote kwa pamoja yalikuwa mara nne ya yale ya 2017, nao walikuwa wamesongamana.

Kwa mfanyabiashara, basi, safu ya joto katika ripoti ina thamani sawa na safu ya idadi. Wengi huiruka. Anayetazama idadi ya wadogo peke yake anahesabu vifaranga bila kuuliza kama pumba ipo ghalani.

Hata hivyo, upimaji hausemi bei. Alaska ilipofungwa, wengi walitegemea kaa wa Kanada wapande. Ilikuwa kinyume: huko Newfoundland, bei ya chini ya kuanzia msimu, anayolipwa mvuvi, ilishuka kutoka dola 7.60 za Kanada kwa ratili mwaka 2022 hadi dola 2.20 mwaka 2023. Walaji walikuwa wamechoka na bei kubwa za 2021, na wanunuzi walikuwa na akiba kwenye maghala ya barafu. Wavuvi wa huko walikaa bandarini kwa wiki kadhaa wakiigomea bei hiyo.

Alaska ilifunguliwa tena msimu wa 2024/25, kwa mgao wa ratili milioni 4.72, karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa 2020/21.