Baiskeli za dunia zapita, baiskeli za mzigo zasubiri

Na Mwandishi Wetu

KWA siku nane, kuanzia Septemba 21 hadi 28 mwaka 2025, Kigali ilikuwa mji mkuu wa baiskeli duniani. Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Jumapili ya mwisho Mslovenia Tadej Pogačar alitetea taji lake baada ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima. Mbio zilikuwa ngumu kiasi kwamba kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na baiskeli nyingine jijini humo ambazo hazikuonekana kwenye televisheni. Ni zile zenye kiti cha abiria nyuma, zenye magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa. Waendeshaji wake huitwa abanyonzi kwa Kinyarwanda. Pamoja nao wapo mafundi, walinzi na wachuuzi ambao hawana chombo kingine cha kuwafikisha kazini. Ili baiskeli za dunia zipite, barabara zilifungwa, na baiskeli za mzigo zikabaki zikisubiri upande wa pili wa uzio.

Jambo hili haliwahusu Wanyarwanda peke yao. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON. Barabara zitafungwa tena, safari hii katika nchi tatu. Mfanyabiashara anayevusha mzigo mpakani hana budi kujua mapema barabara inapofungwa ni nani anayelipa.

Aina tatu za kufunga

Kufungwa kwa barabara kwa ajili ya michezo hakuko kwa namna moja, na tofauti yake ndiyo inayoamua hasara.

Aina ya kwanza ni ya mbio zinazotoka mji mmoja kwenda mwingine, kama Tour du Rwanda inayofanyika kila mwaka. Polisi hutangulia, msafara hupita, gari la mwisho likishapita barabara hufunguliwa. Aliyekwama na baiskeli yake njiani husubiri kwa muda, hushangilia, kisha huendelea na safari. Siku yake haijaharibika.

Aina ya pili ni ya uwanja wa mpira. Hapa barabara zinazouzunguka uwanja hufungwa au hudhibitiwa saa kadhaa kabla ya mechi na baada yake. Mji haukatwi vipande viwili, lakini barabara za jirani hupokea magari yote yaliyofukuzwa kwingine.

Aina ya tatu ndiyo nzito, nayo ni ya mzunguko. Waendeshaji hurudia njia ileile mara nyingi ndani ya mji. Kigali ilikuwa na mzunguko wa kilomita 15.1, ulioanzia na kuishia katika Kituo cha Mikutano cha Kigali, ukipitia kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe. Siku ya mwisho wanaume waliongezewa njia ya kupanda Mlima Kigali na Ukuta wa Kigali, kipande kifupi chenye mwinuko mkali ambacho wenyeji hukiita Kwa Mutwe, si mbali na stendi kuu ya Nyabugogo. Mzunguko wa namna hiyo huugeuza mtaa kuwa kisiwa. Aliye ndani hatoki kwa urahisi, na aliye nje haingii.

Serikali ya Rwanda haikulificha hilo. Shule za Kigali zilifungwa kwa muda wa mashindano, watumishi wa umma wakatakiwa kufanyia kazi nyumbani isipokuwa wale wa huduma muhimu, na njia mbadala zikatangazwa. Kwa mwenye ofisi ulikuwa mpango mzuri. Lakini mbeba mizigo hana kazi ya kufanyia nyumbani.

Kilomita za mguu

Dereva akiambiwa azunguke kilomita nne, hupoteza dakika kumi na mafuta kidogo. Mwendesha baiskeli akiambiwa hivyo hivyo, hulipa kwa mapafu na magoti. Kigali ni mji wa vilima. Barabara kuu nyingi hufuata mabonde au migongo ya vilima kwa sababu huko ndiko mteremko ulipo nafuu. Zikifungwa hizo, njia mbadala mara nyingi ndiyo ile yenye mwinuko mkali. Kwa gari huo ni mlima wa gia ya pili. Kwa mtu mwenye gunia ni mlima wa kushuka na kusukuma.

Hatari nayo huongezeka. Magari yaliyoondolewa kwenye barabara pana yenye njia za pembeni huingia katika barabara nyembamba, ambako mwendesha baiskeli alizoea kuwa na nafasi yake. Siku ya mashindano hukuta amebanwa kati ya basi na mtaro. Miji yetu inajua pia tabia ya waendesha baiskeli kushikilia nyuma ya malori ili wavutwe mlimani. Kadiri mlima unavyorefuka na muda unavyobana, ndivyo kishawishi hicho kinavyokua.

Halafu kuna suala la saa. Kwa miaka kadhaa polisi wa Rwanda wamekuwa wakiwataka wanyonzi wawe wameondoka barabarani ifikapo saa kumi na mbili jioni, kwa sababu za usalama. Katika barabara kadhaa kuu za katikati ya jiji hawaruhusiwi kubeba abiria hata mchana. Sasa weka masharti hayo juu ya ratiba ya mashindano. Barabara hufungwa mchana na kufunguliwa jioni. Mwenye pikapu anaweza kuhamishia kazi yake usiku, akapakia saa mbili na kumaliza saa nne. Mnyonzi hawezi. Barabara inapofunguliwa ndipo muda wake unapokwisha. Tangazo linalosema barabara imefungwa kwa saa chache kwake lina maana ya siku nzima.

Mzigo wako unapoishia

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kudhani kwamba hasara hiyo ni ya mnyonzi peke yake. Hebu afuatilie safari ya mzigo wake. Tuseme ni magunia ya dagaa wakavu kutoka Mwanza. Yamevuka Rusumo, yamefika Nyabugogo alfajiri. Hadi hapo kazi yote imefanywa na lori au basi. Kutoka hapo mzigo hugawanyika: mwingine huchukuliwa na gari dogo, mwingine na pikipiki, na ule wa wateja wadogo wa vitongojini hupanda baiskeli. Sehemu hiyo ya mwisho ni fupi kuliko zote, lakini ndiyo inayougeuza mzigo kuwa fedha.

Ikikatika hapo, gunia hulala. Dagaa watavumilia, lakini nyanya, maziwa na samaki wabichi hawavumilii. Mwenye mzigo hulipa ghala, hulipa malazi ya usiku mwingine, na mteja wake wa rejareja hununua kwa mwingine. Kwa mama anayevuka na mtaji mdogo na kurudi siku hiyohiyo, siku moja ya kukwama inaweza kumla faida ya safari nzima.

Biashara ya mpakani ya Afrika Mashariki yenyewe ilikua juu ya baiskeli. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wenye baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki ilirithi jina hilo baadaye. Goma nako, chukudu za mbao bado hubeba viazi, mkaa na mbao bila tone la mafuta. Vyombo hivi huonekana vya kizamani mpaka siku vinaposimama.

AFCON i njiani

Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 yalitoa kionjo. Yalifunguliwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na fainali ikachezwa Kasarani, Nairobi, ambako Morocco iliifunga Madagascar 3-2. Ukiangalia ramani utaona viwanja vyetu vikubwa vimekaa kando ya barabara za biashara.

Uwanja wa Mandela, Namboole, uko kando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, njia ileile inayoelekea Malaba na Busia. Kasarani iko jirani na barabara ya Thika. Uwanja wa Nyayo uko mahali Barabara ya Mombasa inapoingilia katikati ya Nairobi, hatua chache kutoka eneo la viwanda, ambako wafanyakazi wengi hufika kwa miguu au kwa baiskeli. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, karibu na barabara za Kilwa na Mandela, na hiyo ya Mandela ndiyo hupitisha malori kutoka bandarini kuelekea Morogoro, kisha Rwanda, Burundi na Kongo. Humohumo hupita wauza madafu wa Dar es Salaam, baiskeli zao zimejaa kuanzia usukani hadi mkiani.

Mechi ya usiku ina nafuu na mtego wake. Nafuu ni kwamba asubuhi hubaki wazi kwa masoko. Mtego ni kwamba vizuizi huwekwa mchana, na mfanyakazi aliyepita asubuhi akienda kazini hukuta njia yake ya kurudi imefungwa, giza linaingia, na baiskeli yake haina taa.

Kinachowezekana

Hakuna anayeweza kudai barabara ya mashindano iachwe wazi. Waendeshaji wakubwa hushuka mlima kwa mwendo wa gari la kasi, na mtu mmoja akikatiza vibaya, watu kumi huumia. Hata hivyo, hesabu ya mzunguko wenyewe inaonyesha mwanya. Mshindi wa Kigali alikwenda kwa wastani wa kilomita 42 kwa saa. Kwa mwendo huo, mzunguko wa kilomita 15.1 huchukua kama dakika 21 au 22. Mwanzoni mwa mbio kundi huwa pamoja na hupita lote na magari yake kwa muda mfupi. Dakika zinazobaki zinatosha kwa msimamizi mwenye filimbi na redio kuvusha watu wanaosukuma baiskeli. Kuelekea mwisho kundi hukatika vipande na mwanya huo hupotea. Kwa hiyo anayetaka kuvuka avuke mapema asubuhi, na anayepanga vivuko aviweke karibu na masoko.

Anayesukuma baiskeli ni mtembea kwa miguu. Kanuni hiyo peke yake, ikiandikwa katika tangazo na ikafahamika kwa kila askari aliyesimama kizuizini, ingeokoa saa nyingi. Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ilitenganisha maeneo kwa rangi. Katika eneo jekundu magari yalizuiwa isipokuwa yenye ruhusa, lakini watembea kwa miguu na waendesha baiskeli walipita bila kibali. Eneo la kijivu kando ya mto Seine, kabla ya sherehe za ufunguzi, lilidai kibali kwa wote. Maana yake ni kwamba wapangaji walijiuliza swali mara mbili: je, gari lizuiwe? Na je, baiskeli nayo izuiwe? Kwetu swali la pili mara nyingi halifiki mezani.

Matangazo nayo yanahitaji kubadilika. Katika miji yetu huandikwa kwa ajili ya wenye magari, kwa kutaja majina rasmi ya barabara na namba zake. Mnyonzi na mchuuzi huijua njia kwa soko, kanisa, msikiti na kituo cha mafuta. Tangazo likitaja alama hizo, kwa Kiswahili na lugha ya mahali, likasomwa redioni na kubandikwa stendi na mpakani wiki moja kabla, litawafikia wanaolihitaji. Na siku barabara zinapofungwa mchana, mamlaka zinaweza kuangalia upya masharti ya jioni kwa baiskeli zenye taa na makoti ya kuakisi mwanga, angalau kwa wiki hiyo.

Mfanyabiashara naye ana lake la kufanya. Auulize ratiba ya saa, si ya siku tu. Mzigo unaooza auvushe kabla ya juma la mashindano au auuzie nje ya mji. Akubaliane mapema na mbebaji wake mahali pa kukutania upande ambao haujafungwa. Na bei ya kubeba ikipanda wiki hiyo, asiharakishe kumwita mbebaji mwizi, kwa sababu ameongezewa mlima ambao hakuuomba.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kigali ilipata wageni, na mahoteli na maduka yaliona fedha yao. Mwaka 2027 Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zitapata wa kwao. Zimebaki siku za kutosha kuhakikisha kwamba mwenye gunia nyuma ya baiskeli naye amehesabiwa miongoni mwa wenyeji.