Salamu Kabla ya Amri

Nchini Uganda, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, chini ya utawala wa kijeshi. Raia wengi walikizoea kama lugha ya amri kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Lakini hofu haifutwi kwa sheria.

Kuifuta ni wajibu wetu, ndugu askari. Tumsalimu mzee kabla ya kumdai kitambulisho. Tumsikilize hata amalize. Tukikosea, tumwombe radhi. Mara nyingi twakaripia kwa kuwa hatujui kuzungumza, tukidhani ukali ndio ujasiri. Ajiaminiye husema kwa upole, bunduki ikiwa begani. Raia asiyetuogopa ndiye atakayetuonya adui akikaribia.