Poka ya Omaha: Linda mtaji kabla ya kufukuzia kitita

MFANYABIASHARA wa maharage wa Murusagamba, wilayani Ngara, anakijua vizuri kitu kiitwacho bahati hata kama hajawahi kushika karata. Hununua magunia wakati wa mavuno bila kujua bei ya miezi miwili ijayo. Mpaka wa Burundi uko jirani, na faranga nayo hupanda na kushuka. Si ajabu basi kwamba poka ya aina ya Omaha, ambayo siku hizi huchezwa hata kwa simu ya mkononi, huwavutia watu wa biashara. Anayetaka kuingia humo hana budi kujua hesabu zake kwanza.

Kila mchezaji hupewa karata nne za siri, na karata tano huwekwa wazi mezani kwa wote. Ili kupata mkono wa karata tano, ni lazima atumie karata mbili za siri na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Mtu mwenye ree ya kopa pekee mkononi huona kopa nne mezani na kudhani ameshinda. Hana kitu: alihitaji kopa mbili mkononi.

Aidha, karata nne hutoa jozi sita tofauti za karata mbili, wakati poka ya Texas humpa mchezaji jozi moja tu. Hivyo mikono mikubwa ni mingi. Katika Texas, ree mbili huwashinda wafalme wawili takriban mara nne kati ya tano. Katika Omaha, ree mbili zilizofuatana na karata mbili za ovyo zinaweza kukaribia nusu kwa nusu dhidi ya karata nne zinazofuatana vizuri. Ushauri wa kwanza: chagua karata nne zinazosaidiana, na zilizobaki zitupe mapema bila huruma.

Jambo la pili ni kikomo cha dau. Mchezaji haruhusiwi kuweka zaidi ya kitita kilichopo mezani. Wengi hudhani kikomo hicho ni kinga. Tufanye hesabu. Kitita kina Sh 10,000 na wamebaki wachezaji wawili. Mmoja anaweka Sh 10,000, mwenzake anafuata, kitita kinakuwa Sh 30,000. Mzunguko wa pili kila mmoja anaweka Sh 30,000, kinafika Sh 90,000. Wa tatu Sh 90,000 kila mmoja, kinafika Sh 270,000. Kwa madau matatu tu, kila mmoja ametoa Sh 130,000 kufukuzia kitita kilichoanza na Sh 10,000.

Tatu, pima bei ya kufuata dau. Mpinzani akiweka dau sawa na kitita, wewe unatoa fungu moja ili upate mafungu mawili. Unahitaji kushinda walau mara moja kati ya tatu, yaani asilimia 33, ili usipate hasara.

Chukua mfano. Mkononi una jeki, kumi, saba na sita. Mezani kuna tisa, nane, tatu na mbili, kila moja ya aina yake: kopa, uru, shupaza na pau. Imebaki karata moja kufunuliwa, na karata usizoziona ni 44. Kati ya hizo, 20 zitakupa mfululizo wa karata tano, sawa na asilimia 45. Dau linaonekana rahisi. Lakini ikitoka jeki au kumi, ambazo zimebaki sita, mwenzako anaweza kuwa na mfululizo mkubwa kuliko wako. Karata zinazokupa mkono usioshindika ni 14 tu, sawa na asilimia 32. Faida iliyoonekana kubwa imeshuka hadi ukingoni. Ni sawa na kuhesabu ahadi za wanunuzi wote kama fedha taslimu.

Nne, kaa mahali pa kusema mwisho. Anayeamua baada ya wenzake huwa amekwisha sikia bei zao, kama mnunuzi anayezunguka gulio zima kabla ya kutaja yake. Ukiwa wa kwanza kusema, cheza mikono michache zaidi.

La tano ndilo kubwa: fungu la mchezo lisichanganywe na mtaji. Kwa kuwa nguvu za mikono hukaribiana, hata mchezaji hodari hupoteza mfululizo. Mwenye Sh 500,000 alizotenga kwa mchezo asiketi na zaidi ya Sh 10,000 kwa mara moja. Fedha ya mkopo, ya ada ya shule au ya kununulia mazao ya msimu isikaribie meza.

Isisahaulike pia kwamba nyumba hukata sehemu yake katika vitita. Kwa hiyo wachezaji wakijumlishwa pamoja hutoka na pungufu ya walichoingia nacho. Gunia la maharage likisafirishwa kutoka Murusagamba hadi linakohitajika limeongezwa thamani, na muuzaji na mnunuzi wote wanaweza kufaidika. Karata haziongezi kitu. Hubadili mifuko tu.

Nchini Tanzania michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya mwaka 2003. Kuendesha bila leseni ni kosa, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Anayecheza ahakikishe leseni ipo kabla ya kutoa shilingi yake. Asiyeweza kufanya hesabu hizi kichwani wakati dau likimsubiri, ni vema fedha zake azirudishe kwenye maharage.