Nani anaruhusiwa kuongea na betri ya moyo?

Mtu akishawekewa betri ya moyo, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani hupewa masharti kadhaa. Moja huwashangaza wengi: simu usiiweke kwenye mfuko wa shati upande ule kifaa kilipo. Iwe mbali nacho kwa sentimita 15 au zaidi, na ukipigiwa, sikilizia sikio la upande wa pili. Ndugu wa mgonjwa huitikia tu "sawa daktari", wakaondoka. Lakini hebu likae kichwani kidogo hilo sharti. Simu inakifanya nini kifaa kilichofukiwa chini ya ngozi? Na kama simu tu, ambayo haina ugomvi na mtu, inaweza kukisumbua, je, mtu aliyekusudia?

Swali hilo limewakutanisha watu ambao kwa kawaida hata kantini hawakai meza moja: wanaosoma mawimbi ya redio, wataalamu wa usalama wa kompyuta, na madaktari wa moyo. Jibu lao si lile ambalo mtu wa kompyuta angelitoa haraka haraka, yaani "weka nywila, basi". Tutaona kwa nini.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo unajiendesha kwa umeme. Juu ya chumba cha juu cha kulia kuna kundi dogo la seli ambalo hutoa amri ya umeme, amri inasambaa, misuli inajikunja, damu inasukumwa. Kwa wengine amri hiyo huchelewa au hukatikia njiani. Hapo ndipo pesimeka, au betri ya moyo kama watu wanavyoiita, inapoingia. Ni kisanduku kidogo cha chuma, mara nyingi chini ya mfupa wa mtulinga upande wa kushoto, chenye betri, kompyuta ndogo, na waya unaopita ndani ya mshipa wa damu mpaka kwenye moyo. Waya huo unafanya kazi mbili. Kwanza unasikiliza: moyo umepiga? Ishara yenyewe ni ndogo, inapimwa kwa milivolti. Ukipita muda bila ishara, waya uleule unapeleka mpigo mdogo wa umeme. Ndugu yake pesimeka ni difibrileta ya kupandikizwa, ambayo ikigundua moyo unatetemeka ovyo badala ya kupiga, inaupiga shoti kubwa ili uanze upya.

Pesimeka ya kwanza kupandikizwa ndani ya mtu iliwekwa Stockholm, Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Mgonjwa alikuwa Arne Larsson, daktari mpasuaji Åke Senning, na mhandisi aliyeitengeneza Rune Elmqvist. Kifaa hicho kilidumu saa chache tu. Larsson mwenyewe aliishi mpaka 2001, akafika miaka 86, na katika maisha yake alitumia vifaa zaidi ya 20. Alizikwa baada ya mpasuaji wake na mhandisi wake wote wawili. (Habari hii huwa nawasimulia wagonjwa wanaoogopa, na huwa inasaidia kuliko grafu yoyote.)

Sasa, kila moyo una mahitaji yake, na mahitaji hubadilika. Huwezi kumpasua mtu kila unapotaka kubadilisha kasi kutoka mapigo 60 kwenda 70 kwa dakika. Kwa hiyo vifaa hivi vikawekewa redio. Daktari anaweka kichwa cha mashine yake juu ya kifua, anasoma kumbukumbu za kifaa, anabadilisha mipangilio, kazi imekwisha. Pia viliwekewa mlango mwingine wa kizamani zaidi: sumaku. Ukiweka sumaku yenye nguvu juu ya pesimeka nyingi, zinaacha kusikiliza moyo na kupiga kwa kasi moja isiyobadilika. Ukiiweka juu ya difibrileta, inasitisha kupiga shoti kwa muda. Si hitilafu hiyo. Ni njia iliyowekwa makusudi kwa ajili ya madaktari, kwa mfano wakati wa upasuaji ambapo vifaa vingine vya umeme vinaweza kuidanganya.

Na hapa ndipo sharti la simu linapoeleweka. Mapema 2021, madaktari wa Michigan waliripoti katika jarida la Heart Rhythm kwamba waliisogeza iPhone 12 kwenye kifua cha mgonjwa mwenye difibrileta, na difibrileta ikasitisha kazi yake mara moja. Simu hiyo ina duara la sumaku mgongoni kwa ajili ya kuchaji. Kifaa hakikujua kama aliyebisha hodi ni daktari au ni simu. Kilisikia sumaku, kikatii. Kilichomlinda mtu siku zote ni kitu kimoja tu: nguvu ya sumaku hupungua haraka sana ukisogea mbali. Ndiyo maana ya zile sentimita 15.

Kwa redio mambo ni magumu zaidi, maana redio hubeba amri. Mwaka 2008 timu ya watafiti kutoka University of Washington, University of Massachusetts Amherst na hospitali moja ya kufundishia Boston ilichukua difibrileta iliyokuwa sokoni tangu 2003 na kuichunguza kama mdukuzi angefanya. Walitumia redio ya programu, yaani redio ambayo kompyuta ndiyo inaamua isikilize nini na irushe nini. Difibrileta ile ilikuwa inaongea kwenye masafa ya kilohezi 175, na kila ilichosema kilikuwa wazi, hakijafichwa kwa fumbo lolote. Jina la mgonjwa, ugonjwa wake, kumbukumbu za moyo, vyote. Kibaya zaidi, waliweza kurekodi amri za mashine ya daktari na kuzirusha tena wenyewe. Kwa njia hiyo walizima matibabu, na waliweza hata kuiamuru itoe ule mpigo wa majaribio unaofanya moyo utetemeke ovyo.

Majaribio hayo hayakumhusu mgonjwa yeyote, na antena ilikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye kifaa. Lakini vifaa vilivyofuata vilianza kuongea kwenye masafa ya megahezi 402 hadi 405, kwa umbali wa mita kadhaa, ili mgonjwa aweze kupimwa akiwa amelala kitandani kwake. Raha kwa mgonjwa, na nafasi kwa mwingine. Makamu wa Rais wa zamani wa Marekani, Dick Cheney, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba daktari wake alizima redio ya kifaa chake mwaka 2007 kwa hofu hiyohiyo.

Basi si waweke nywila tu? Mtu wa kompyuta atashangaa unasubiri nini. Ila fikiria: mgonjwa amezimia barabarani, amepelekwa hospitali ya mji ambao hajawahi kufika. Hajitambui. Daktari wa zamu anahitaji kuingia kwenye kifaa sasa hivi, siyo baada ya kupiga simu kumtafuta daktari wake kwa ajili ya nenosiri. Kwenye benki, mfumo ukishindwa kukutambua unakufungia, na hasara yake ni usumbufu. Kwenye moyo, kufungiwa nje kunaweza kuua haraka kuliko mdukuzi yeyote.

Na kuna betri. Betri hiyo inatakiwa kudumu miaka, na ikiisha unarudi kupasuliwa. Kila hesabu ya kuficha ujumbe inakula umeme. Mbaya zaidi, mshambuliaji anaweza kubisha hodi tu usiku kucha bila kuingia, na kifaa kikimaliza betri kwa kumjibu "hapana, hapana, hapana". Hapo hajaiba siri yoyote, ila ameleta tarehe ya upasuaji karibu.

Timu ya 2008 ililiona hilo, ikapendekeza kitu kinachopendeza: kidude kisichotumia betri ya kifaa hata kidogo. Kinanasa nishati kutoka kwenye mawimbi ya yule anayebisha hodi, kisha kwa nishati hiyohiyo kinalia. Mgonjwa anasikia mlio kifuani, anajua kuna mtu anaongea na kifaa chake. Walikijaribu kwenye nyama: kidude kimefunikwa tabaka la nyama ya nguruwe, chini yake kima cha ng'ombe. Sayansi wakati mwingine inahitaji buchani tu.

Mwaka 2011 watafiti wa MIT na wenzao wa Massachusetts walikuja na wazo lingine, kifaa cha kuvaliwa mwilini kama kidani. Chenyewe kinavuruga mawimbi yanayokwenda na kutoka kwenye kifaa cha moyo, huku kikiweza kusikia kilichopo chini ya vurugu hiyo kwa sababu kinajua ni kelele gani kimerusha. Mashine halali ya daktari inaongea na kidani kwa fumbo. Na dharura ikitokea? Kivue tu. Hilo ndilo linalonifurahisha: kinga imehamishiwa nje ya mwili, kwa hiyo hata aliyewekewa kifaa cha zamani angeweza kuitumia bila kupasuliwa upya.

Wazo la tatu, la mwaka 2013, ndilo naliona lina akili kuliko yote. Muda kati ya pigo moja la moyo na lingine haulingani kamwe. Hutofautiana kwa milisekunde chache, na tofauti hizo hakuna anayeweza kuzitabiri, hata mwenye moyo. Kifaa kilichopo ndani kinazipima. Mashine ya daktari ikigusa ngozi inazipima pia, kwa wakati huohuo. Zikilinganishwa na kukubaliana, mlango unafunguka. Hakuna nywila ya kukumbuka wala ya kuibiwa jana, kwa sababu ufunguo unazaliwa muda huo na kufa muda huo. Daktari wa mji wa ugenini anaingia, kwa kuwa ameweza kukugusa. Aliyeko kwenye gari nje ya nyumba yako haingii.

Msingi wake ni uleule wa sentimita 15, umbali kutumika kama kufuli. Na fizikia kwa kiasi fulani inausaidia. Mwaka 2013 hiyohiyo, kundi jingine lilionyesha kwamba hauhitaji hata kujua lugha ya kifaa. Unarusha mawimbi yanayofanana na umeme wa moyo, ule waya unafanya kazi kama antena, na kifaa kinaamini moyo unapiga wakati haupigi. Hewani iliwezekana kwa umbali wa mita 1 hadi 2. Walipojaribu kifaa kikiwa ndani ya kitu kinachofanana na mwili, umbali ulishuka mpaka sentimita chache. Mwili wetu ni maji ya chumvi, na maji ya chumvi hunyonya mawimbi.

Mpaka hapa unaweza kuwa umeshamkataza mama kuwekewa kifaa. Usifanye hivyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitangaza marekebisho ya programu kwa pesimeka zipatazo 465,000 nchini humo zilizokuwa na udhaifu kwenye redio, na ilisema hakuna taarifa ya mgonjwa aliyedhurika kwa kudukuliwa. Wakati huohuo moyo unaosimama bila kifaa hausubiri mdukuzi. Hata marekebisho yenyewe yalipimwa kwa mizani hiyo: yalichukua dakika 3 hivi, kifaa kikipiga kwa kasi ya akiba ya mapigo 67 kwa dakika, na uwezekano wa kifaa kufa kabisa katikati ya zoezi ulikadiriwa kuwa asilimia 0.003. Kwa laki nne na ushee, hiyo ni watu kama 14. Daktari na mgonjwa waliachiwa wajadiliane.

Ila marekebisho hayo hayaji kama ya simu, usiku ukiwa umelala. Mgonjwa lazima aende kliniki yenye mashine ya kampuni iliyotengeneza kifaa chake. Huku kwetu hilo ni swali la kweli. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inaweka pesimeka, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki utafiti wa University of Michigan wa pesimeka zilizotumika, zikasafishwa na kupimwa upya, wapewe wasiomudu mpya. Mimi naunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Lakini kifaa kilichotengenezwa zamani kina programu ya zamani, na mtu wake anaweza kuwa anaishi siku nzima ya basi kutoka kwenye mashine ya kukirekebisha.

Kwa hiyo ile kadi ndogo anayopewa mgonjwa, yenye jina la kampuni, modeli na namba ya kifaa, usiiache droo ya chini na risiti za umeme. Ipige picha, mtumie mwanafamilia mmoja, na kila ukienda kliniki uliza kama kuna tangazo lolote jipya juu ya modeli hiyo.